Uchovu Usioondoka kwa Usingizi

Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Singida yuko mtu ambaye watoto wamekwisha kujifunza kwamba akirudi kutoka kazini asisemeshwe. Anavua viatu, anakaa, anatazama ukuta, chakula kinapoa. Akiulizwa jambo hujibu kwa mkato. Jumapili, siku ambayo zamani alikuwa wa kwanza kujiandaa kwenda Misa, anaomba aachwe alale. Mwenzi wake husema, "Siku hizi amebadilika." Ndugu wengine husema ana kiburi, wengine husema amerogwa. Katika ukurasa huu mwezi huu tunataka kuzungumzia jambo jingine lisilotajwa sana: huenda mtu huyo ana uchovu wa kazi, na kwa watumishi wengi uchovu huo ulianza, au ulizidi, wakati wa janga la korona.

Wapo watakaosema, korona imepita, ya nini kufukua yaliyozikwa? Ni kweli kwamba tarehe 5 Mei, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa UVIKO-19 si dharura ya dunia tena. Lakini mwili wa binadamu hausikilizi redio. Mtu aliyeishi miaka miwili kwa hofu, akifanya kazi ya watu wawili na kuzika wenzake bila nafasi ya kuomboleza, hapati nafuu siku hiyo hiyo kwa sababu tangazo limetoka Geneva.

Uchovu tunaousema ni upi?

Kila anayefanya kazi huchoka. Mkulima wa alizeti aliyepalilia tangu alfajiri huchoka, na kijana anayepakia magunia ya vitunguu kwenye malori huchoka zaidi. Hao wakila na kulala, asubuhi nguvu zimerudi. Huo ni uchovu wa kawaida, wala hauhitaji makala. Tunaousema sisi ni ule ambao mtu analala saa nane na kuamka akiwa amechoka kama alivyolala, na akifikiria mlango wa mahali pake pa kazi, tumbo linamkaza.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja, Herbert Freudenberger, aliyekuwa akihudumu katika zahanati ya bure mjini New York, aliandika kuhusu hali hiyo baada ya kuiona kwa wafanyakazi wenzake wa kujitolea na kwake yeye mwenyewe. Baadaye aliifananisha na jengo lililoungua, ambalo kwa nje kuta bado zimesimama na ndani hamna kitu. Baada yake Christina Maslach wa California aliichunguza hali hii kwa miaka mingi, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza rasmi katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Shirika halikusema kwamba ni ugonjwa, bali ni hali itokanayo na mzigo wa kazi wa muda mrefu usiopata ufumbuzi, nayo ina alama tatu. Nguvu humwishia mtu. Moyo wake hujitenga na kazi, na pengine huanza kuidharau. Tena huona kwamba lolote afanyalo halizai kitu.

Tusimame kidogo kwenye alama ya pili, maana ndiyo tunayokutana nayo sisi wagonjwa na wazazi. Katika jumuiya zetu hakuna malalamiko yanayorudi mara kwa mara kama yale ya muuguzi mkali, karani anayejibu bila kuinua macho, au mwalimu anayetukana watoto. Hatutetei ukali huo, na mama mwenye uchungu wa kujifungua hana deni la kumvumilia mtu yeyote. Hata hivyo ni vizuri kujua kwamba wengi wa watu hao hawakuanza kazi wakiwa hivyo. Moyo uliozidiwa na mateso ya watu hujifunga ili usipasuke, na ukishajifunga haumfungii mgonjwa tu, humfungia hata mtoto wa nyumbani.

Wasiwasi ni jambo la jirani lakini si lile lile. Mwenyezi Mungu ametuwekea mwilini kengele ya hatari. Ukikutana na fisi njiani usiku, mwili humwaga adrenalini, moyo hudunda kwa kasi, damu hukimbilia miguuni, na unakimbia mbio ambazo hukujua unazo. Hatari ikipita, kengele hunyamaza. Katika janga, hatari haionekani wala haipiti. Iko kwenye kitasa cha mlango, kwenye noti ya shilingi elfu moja, kwenye pumzi ya mgonjwa unayemwinamia. Basi kengele hulia miezi na miezi. Mtu hukosa usingizi, kichwa huuma, tumbo huvurugika, moyo huenda mbio hata akiwa ameketi, na mikono hutoa jasho. Anakwenda kupima malaria, hakuna, anapima taifodi, hakuna, na wengine huishia kunywa dawa za vyote viwili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25.

Yaliyowakuta wafanyakazi wetu

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020 na aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu. Kesho yake shule zilianza kufungwa. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, na madarasa mengine tarehe 29 Juni. Kwa mzazi hiyo ilikuwa miezi mitatu ya watoto nyumbani. Kwa mwalimu wa shule binafsi inayoendeshwa kwa ada ilikuwa miezi ya kutojua kama kazi ipo, na shule nyingi za namna hiyo zilishindwa kulipa mishahara. Mwalimu aliyekuwa akiheshimiwa mtaani akaanza kukopa unga.

Mji wetu uko kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma kwenda Nzega, Kahama na mpaka wa Rusumo. Madereva wa malori na utingo wao wanaolala na kula hapa ni watu wetu. Mwezi Mei 2020 Rwanda ilipotaka madereva wa Tanzania wakabidhi magari mpakani yaendeshwe na madereva wengine, foleni zilirefuka na ugomvi ukazuka. Dereva aliyezoea kusalimiwa kwa jina kwenye kila kituo alikuwa sasa anaogopwa kama mwenye ukoma wa zamani, kwa sababu tu ametoka safari. Hofu hiyo ya kuogopwa na watu unaowahudumia ni mzigo ambao hakuna posho inayoupima.

Lakini waliobeba zaidi ni watumishi wa afya. Wapo waliovua nguo za kazi uani na kuoga kwanza ndipo wakamshika mtoto. Wapo waliolala vyumba vya peke yao kwa wiki, na wapo ambao majirani waliacha kuchota maji kwenye bomba moja nao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 watumishi wa afya wapatao 115,500 walikufa kwa UVIKO duniani. Makadirio yenyewe yalikuwa kati ya 80,000 na 180,000.

Hapa kwetu kulikuwa na mzigo wa pili, nasi hatuoni sababu ya kuuficha. Baada ya mwisho wa Aprili 2020 takwimu za Taifa hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka. Hesabu ilibaki wagonjwa 509 na vifo 21. Wimbi lililofuata mwanzoni mwa 2021 lilikuta watu wakisema "changamoto ya kupumua." Januari mwaka huo Rais wa Baraza la Maaskofu, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, alikuwa ameandika barua ya kutahadharisha juu ya wimbi jipya, na Machi Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alisema kwamba katika miezi miwili Kanisa lilikuwa limepoteza mapadre zaidi ya 25 na watawa wapatao 60, wengi kwa shida ya kupumua. Fikiria sasa muuguzi wa wodi katika miezi hiyo. Aliyoyaona kitandani hakuweza kuyataja kwa jina nje ya wodi. Huzuni isiyo na jina ni ngumu kuliko huzuni ya msiba unaojulikana, maana hakuna matanga, hakuna wa kukupa pole. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya uchovu tunaouona leo ilizaliwa hapo, wala haikuletwa na kazi nyingi peke yake. Chanjo ilipozinduliwa tarehe 28 Julai, 2021 na Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani, watumishi wa afya, waliokuwa miongoni mwa makundi ya kwanza kulengwa, walipata walau ruhusa ya kusema walichokuwa wakikipigania.

Gulu, mwaka 2000

Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, iko Gulu kaskazini mwa Uganda, nayo ni ya Kanisa Katoliki. Oktoba 2000 Ebola iliingia huko. Mganga mkuu wake, Dkt. Matthew Lukwiya, alikuwa masomoni Kampala, akaitwa, akarudi, akafungua wodi ya kutenga wagonjwa pamoja na wauguzi waliojitolea. Mwishoni mwa Novemba, baada ya wenzao kadhaa kufa kwa siku chache, wauguzi walikusanyika na kugoma kuendelea. Hawakuwa waoga, wiki nyingi walikuwa wamefanya kazi ambayo wengi wetu tungeikimbia siku ya kwanza. Walikuwa wamekwisha.

Dkt. Lukwiya hakuwafukuza wala hakuwahubiria wajibu. Alikaa nao kwa saa nyingi, akawasikiliza, akawaeleza kwamba yeye atabaki, na kwamba asiyeweza ana uhuru wa kwenda. Wakarudi wodini. Yeye mwenyewe aliambukizwa na kufa tarehe 5 Desemba, 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Katika mlipuko ule watu 425 waliugua Uganda na 224 walikufa, wakiwemo zaidi ya watumishi 10 wa Lacor.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama habari ya ushujaa, na ndivyo ilivyo. Sisi tunaitaja kwa sababu nyingine. Kilichowarudisha wauguzi wale hakikuwa fedha wala vitisho. Mkubwa wao alikuwa nao ndani ya wodi, aliwasikiliza, na waliona kazi yao ina maana. Mtu anaweza kuridhika na kazi ngumu mno ikiwa ana hayo. Bila hayo hata kazi nyepesi humchosha. Lakini tusiwageuzie watumishi wetu habari ya Lacor kuwa fimbo. Ushujaa hautengenezewi ratiba ya zamu, na hakuna mganga mfawidhi mwenye haki ya kuudai kila Jumatatu.

Upo pia upande mwingine wa habari. Desemba 2020 nchini Kenya alifariki kwa UVIKO daktari kijana wa miaka 28, Dkt. Stephen Mogusu, aliyekuwa akihudumia wagonjwa waliotengwa huko Machakos, naye alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi. Mwezi huo huo madaktari wa Kenya waligoma. Anayewaambia wafanyakazi kwamba kazi ni wito wakati mshahara haujatoka anautukana huo wito wenyewe.

Nyumbani tufanye nini?

Nabii Elia, baada ya kazi kubwa na kutishiwa kuuawa, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Habari iko katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Malaika aliyetumwa kwake hakumkaripia kwa kukosa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akaja mara ya pili na chakula tena, kwa sababu safari ilikuwa bado ndefu. Familia nyingi hufanya kinyume: mtu akisema amechoka huambiwa ashukuru, wenzake hawana kazi.

Anayetoka zamu ya usiku alale mchana kama mgonjwa alalavyo. Chumba kitiwe giza kwa pazia zito au kanga mbili, redio izimwe, watoto wapelekwe kucheza kwa jirani. Kuku wetu wa Singida wanasifika nchi nzima, lakini jogoo anayewika chini ya dirisha saa nne asubuhi si rafiki wa muuguzi, banda lihamishwe. Chai ya rangi na kahawa ziachwe saa sita hivi kabla ya kulala. Asipewe kazi ya nyumbani akifika tu mlangoni. Na kwa akina mama, ambao ndio wengi katika uuguzi na ualimu wa shule za msingi, tuseme wazi: mwanamke anayetoka zamu ya saa 12 na kukuta vyombo vya jana, kuni hazijaletwa na mume anasubiri chakula, hana zamu moja, ana mbili. Wanaume wa UWAKA walizungumze hilo wenyewe kwa wenyewe.

Wasiwasi unapopanda, kuna njia ndogo ambayo haigharimu kitu. Kaa, legeza mabega, vuta pumzi polepole kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha itoe polepole zaidi ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoka huuambia moyo kwamba hatari imepita. Kutembea nusu saa jioni, kwa mfano kuelekea Ziwa Kindai, husaidia kuliko watu wanavyodhani. Pombe haisaidii. Hulaza haraka lakini huamsha saa nane za usiku na moyo ukienda mbio, na kesho yake kipimo huongezeka. Vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila cheti ni hatari zaidi, kwa kuwa mwili huvizoea katika wiki chache.

Kubwa kuliko yote ni kusikilizwa. Muulize, "Leo ilikuwaje?" kisha nyamaza. Usikimbilie kutoa dawa wala aya. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kufanya hivyo pia, maana ndani ya jumuiya mwuguzi, dereva na mwalimu huketi benchi moja. Wale waliofiwa na wenzao 2021 bila kuomboleza, hata leo wanaweza kuombewa kwa majina katika Misa, na kwa wengi hiyo itakuwa mara ya kwanza majina hayo kutajwa kwa sauti.

Huzuni au wasiwasi ukidumu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, mtu akashindwa kula, kulala au kufanya kazi, apelekwe hospitali. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni mahali pa kuanzia, na akihitaji zaidi ataelekezwa Mirembe, Dodoma. Mirembe si aibu. Akisema hataki kuishi, au ameanza kugawa vitu vyake na kuaga, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Dawa za shambani, kamba na visu viondolewe, na apelekwe siku hiyo hiyo. Sala na ziara ya paroko ziendelee pamoja na matibabu. Zisiwekwe mahali pake.

Kwa wanaoajiri, wakiwemo wa taasisi za Kanisa

Musa alikuwa akiamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni. Mkwewe Yethro alimwangalia siku moja tu, akamwambia kwamba hivyo atajichosha yeye na watu wake, agawe kazi. Hakumwambia avumilie. Maslach na mwenzake Michael Leiter walifikia mahali hapo hapo: uchovu wa kazi hutokana zaidi na jinsi kazi ilivyopangwa kuliko udhaifu wa mtu. Hutokea kazi inapozidi watu, wanapokosa sauti, malipo na asante vinapokosekana, ugomvi unapoachwa, upendeleo unapotawala, na mtu anapolazimishwa kutenda kinyume cha dhamiri yake. Semina ya siku moja haiponyi hayo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne nazo zilipwe mara moja na nusu, mapumziko ya saa 24 kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Dharura ina nafasi yake katika sheria, lakini dharura ya miaka miwili si dharura, ni upungufu wa watumishi uliopewa jina jingine. Tunajua zahanati zetu hazina fedha. Hata hivyo kuandika ratiba ya zamu mwezi mzima mbele, kutomwita aliye mapumzikoni, na kumwachia mtu likizo yake haviombi mfadhili.

Wala tusidhani tuna muda mwingi. Marburg iliingia Bukoba Machi 2023, ikaua watu 6 kati ya 9 waliougua, akiwemo mtumishi wa afya. Januari 2025 ilitangazwa Biharamulo, na wote 10 waliohesabiwa kuwa wagonjwa walikufa. Kutoka Kagera mabasi hufika hapa kwetu ndani ya siku moja. Kamati za afya za parokia na waganga wafawidhi wakae kabla ya kiangazi kwisha na kuandika kwenye karatasi moja: mgonjwa wa kwanza akifika, nani ataingia kwa siku ngapi, nani atampokea zamu, atalala wapi ili asiogope kurudi kwa watoto, nani atapeleka chakula kwake na nani atawaeleza majirani, posho yake itatoka mfuko gani, na baada ya wiki ngapi ataambiwa aende nyumbani akalale.